Viatu vya Aliyesafiri

"Usikanyage ziwa!"

Mama Cherehani alibaki na mguu hewani kama kuku aliyeona tope. Ziwa lenyewe lilikuwa kipande cha bitana ya buluu kilichotandazwa sakafuni, na kando yake ilisimama milima ya masalio ya sare za shule, imejazwa pamba ili ipate matumbo.

"Mwanangu, hilo ziwa lako ni koti la mwalimu mkuu. Anakuja kulichukua kesho."

"Kesho nitamkaushia."

Huyo mwana alikuwa mtu mzima mwenye mume, ila jina la Kibatari alilopewa utotoni, kwa kusoma mpaka taa inamchoka, lilikuwa limemganda. Alikuwa amerudi kutoka Asia, alikokuwa akishona majaketi kiwandani, na tangu arudi chumba cha mbele kilikuwa kimepata wapangaji wasiolipa: bonde lenye mvua isiyokatika, mashamba ya mpunga yaliyopanda mlima kwa ngazi, nyumba za mbao zilizoegemeana kama walevi, na mizuka tele. Yote ya kubuni, yote ya mchezo wake. Si karata wala drafti. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza, ambamo mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anajitwalia mtu ndani ya hadithi na kusema anafanya nini, na penye bahati dadu linaamua.

Mchezo ulikuwa umekamilika, na sheria zake zimeandikwa vizuri, ila ulikuwa haujatoka. Kampuni ya michezo iliupokea, ikausifu, ikautia kabatini. Baadaye meneja akaja na vijana wake kuujaribu hapohapo kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mzuka wa kwanza ulipotokea kisimani, nywele ndefu zimeufunika uso, kijana mmoja akasema, "Huyu hahitaji upanga, tumpeleke saluni." Walicheka mpaka wakamwaga chai juu ya bonde. Meneja alicheka kwa adabu, yaani kwa pua, kisha akatamka neno lililomfanya Kibatari asitie kitu mdomoni siku nzima: "Haitishi."

Toka hapo Mama Cherehani hakumwita tena kwa cheo chake. Alimwita Bwana Haitishi.

Na Bwana Haitishi alikuwa anakuja tena leo alasiri, mara ya mwisho. Akitishika, mchezo unachapwa. Asipotishika, pasipoti ilikuwa pale juu ya rafu ya nyuzi, na kesho asubuhi wakala wa kazi za nje angepita kuchukua jibu: kiwanda kilekile, mkataba mwingine. Mkataba wa kwanza Mama Cherehani aliutumikia akiwa hukuhuku, simu kifuani, akiruka kitandani kila mlango wa jirani ulipogongwa. Wa pili aliona utamzika.

Simu ililia. Kibatari alisikiliza, akasema "Sawa, hamna neno" kwa sauti ya mtu mwenye neno kubwa, akaiweka mezani.

"Wachezaji wangu hawaji. Mvua."

"Wote?"

"Wote. Eti barabara imekuwa mto."

"Hao ndio wa kupigana na mizuka!" ilisema sauti ya mlangoni. Alikuwa Shangazi, dada wa marehemu mume wa Mama Cherehani na mwenye nyumba, mwanamke aliyestaafu kazi ya ukaguzi wa tiketi ingawa ukaguzi wenyewe ulikuwa haujamstaafu. "Mtu anakimbia matone, atasimama mbele ya maiti?"

"Shangazi, naomba usianze."

"Nianze nini? Nasema tu chumba hiki kingepata mpangaji anayevuta pumzi, tusingekuwa hapa tunasubiri mtu atishike."

Mama Cherehani alimtazama wifi yake kuanzia kilemba hadi kandambili, kama anayempima nguo.

"Wifi," akasema, "wewe unacheza."

"Mimi? Madadu? Mimi mtu mzima?"

"Humo ndani mna mjane tajiri. Hana mwenyewe."

Shangazi alilitazama bonde kwa jicho jipya. "Tajiri kiasi gani?"

Mchezaji wa pili alipatikana bila kuombwa. Aliingia akiwa amelowa, begi la spana begani: mume wa Kibatari, fundi wa mafriji, mtu mwenye mwili wa kabati na moyo wa kifaranga. Alivua viatu vyake mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo kwa ajili ya vitambaa vya wateja, na kabla hajauliza kuna nini akakuta ameshakabidhiwa kifungo cha koti na kuambiwa yeye ni askari hodari.

"Hodari kabisa?" aliuliza kwa wasiwasi.

"Kabisa, baba. Jikaze," akasema Mama Cherehani.

&nbsp;

Meza ilipokuwa inapangwa, Mama Cherehani alikaa kwenye kiti chake cha kazi akipindia suruali ya mtu, sindano ikienda, macho kwa binti yake.

"Huyu wa nywele ulimtoa wapi?"

"Kwenye picha, mama. Kila mtu anaye."

"Ndiyo maana. Mzuka wa kila mtu haumtishi mtu. Kule ulikokaa, wewe mwenyewe uliogopa nini?"

"Msimamizi wa zamu."

"Acha mzaha. Taa ikizimwa, shuka likifika puani. Nini?"

Kibatari alikuwa ameshika kifungo chekundu. Alikizungusha, akakizungusha tena, tabasamu likimtoka usoni kidogokidogo kama rangi ya kitambaa cha bei rahisi.

"Viatu," alisema mwishowe. "Bwenini tulivua viatu mlangoni. Kila mtu alivigeuza vitazame nje, ili asubuhi usukume mguu tu, mbio kwenye zamu. Mwenzetu mmoja akafa kwenye chumba cha mvuke wa pasi. Wakatukusanya, wakatuambia, mtu akiuliza, semeni amesafiri. Tukasema amesafiri. Mama yake alipiga simu, mimi mwenyewe ndiye niliyepokea, nikamwambia amesafiri. Lakini viatu vyake vilibaki palepale, nani athubutu kuvitoa? Paa lilivuja juu yake, havikukauka. Tulivigeuza vitazame nje kama vyetu. Na kila asubuhi tulivikuta vinatazama ndani."

Fundi aliacha kutafuna mkate. "Hukuwahi kuniambia."

"Ungelala?"

"Hata sasa sitalala."

"Labda ni mfagiaji," alisema Shangazi, lakini si kwa sauti yake ya ukaguzi.

"Labda."

Baridi ilitambaa kati ya mabega ya Mama Cherehani, na nyuma ya ile baridi furaha ikaja mbio kama mtoto aliyechelewa. Aliitupa suruali ya watu. "Mwanangu wewe! Wako umemwacha bwenini, ukatuletea wa saluni!"

Kibatari alimtazama mama yake. Kisha akakiinua kisima, mzuka wa nywele na kila kitu, akakitia kwenye kikapu cha mabaki. Nyumba ikalipuka kwa kazi. Huyu shika mkasi, yule lete chaki, wifi nipe hizo katoni! Katikati ya bonde ikapanda nyumba ya wafumaji yenye mlango mmoja, na mbele ya mlango vikapangwa vifungo viwiliwili mfano wa viatu, kila kimoja na alama ya chaki kuonyesha kinatazama wapi. Kibatari aliongea upesi, pini mdomoni, macho yanawaka.

"Anaitwa Aliyesafiri. Hana sura, hana meno, hana kucha. Ana viatu tu. Walio hai viatu vyao vinatazama nje, maana wana pa kwenda. Vyake vimelowa na vinatazama ndani. Hana nguvu za kusukuma hata pazia. Anabisha hodi kwa sauti ya mtu unayemngoja, na haingii mpaka wa ndani aseme karibu. Atakayesema anachukua dadu hili jeusi, na tangu hapo anacheza upande wake."

"Karibu tu?" Shangazi alibetua mdomo. "Basi si watu wanyamaze! Mchezo umekwisha. Nipeni utajiri wangu."

&nbsp;

Mwanzo ulikuwa wa vicheko. Mjane tajiri alitaka kujua kodi ya kila nyumba bondeni na akatishia kumfukuza mzimu wa mtoni kwa kukaa bila mkataba. Askari hodari alitupa dadu ili avuke daraja, akapata moja, akaanguka mtoni, akaomba radhi kwa kila mtu. Mama Cherehani, aliyepewa kuwa mwenye nyumba ya wageni, aliwapangia vyumba na kuwaonya wasikojoe kitandani.

Lakini safari hii Kibatari hakuigiza. Hakukodoa macho, hakunguruma. Alisimulia taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwake.

"Mvua inanyesha. Mmekaa ndani, mshumaa mmoja. Askari anachungulia mlangoni. Anaviona viatu vyenu, jozi tatu." Akaongeza vifungo viwili. "Na ya nne."

"Ya nani?" aliuliza fundi.

"Imelowa. Inatazama ndani."

Shangazi alikunja vidole vya miguu chini ya kiti. Juu ya bati mvua ya kweli ilizidi, na mtu asingeweza kusema ipi ya bondeni na ipi ya mtaani. Kibatari aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

"Hodi. Bibi tajiri, nimekuletea kodi yako yote."

Mdomo wa Shangazi ulishafunguka, "Ka..." ulishatoka, ndipo alipoudaka kwa viganja vyote viwili. Macho yalimtoka. "Mwanaharamu huyu!" alisema kupitia vidole. "Kumbe anajua!"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi na kiliishia kutazamana. Kibatari hakucheka. Aligonga tena, polepole zaidi, ameinamisha uso.

"Hodi. Mama, ni mimi. Nimerudi. Nimelowa."

"Karibu, mwanangu!"

Mama Cherehani alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono umenyooka kuelekea mlangoni, kabla akili haijamfikia. Alimwona binti yake ameketi mkavu mbele yake, chaki shavuni, na alijua fika kwamba ni mchezo. Alijua pia kwamba akibishiwa hodi ile mara mia, atajibu mara mia.

Kibatari alijifuta jicho kwa mkono wa gauni, akamsogezea dadu jeusi.

"Umetuua!" Shangazi alipiga yowe. "Wifi, umetuua watu wazima na mali zetu!"

Mama Cherehani alilifumba dadu kiganjani. Lilikuwa la baridi. "Sasa mimi ni wa upande wake?"

"Ndiyo, mama."

"Nafanyaje?"

"Unawajua hawa. Unajua kila mmoja anamngoja nani."

Mama Cherehani alimgeukia mkwewe, polepole, akatabasamu kwa meno yote aliyobakiza. Fundi alirudisha kiti nyuma. Lakini hakuwa yeye. Mama Cherehani akapeleka shingo kwa wifi yake, akanong'ona kwa ulegevu fulani ambao nyumba nzima iliujua:

"Dada. Umekula?"

Shangazi alikauka. Marehemu kaka yake hakuwahi kuingia nyumba ile bila kuuliza hivyo, hata siku walizogombana. Mkono wake ukamshika fundi kwenye paja bila kujua ameshika nini.

"Nyamaza," alisema. "Nyamaza, nakuomba. Nitaitika."

Ndipo ikaja, kutoka mlangoni:

"Hodi!"

Wote walimgeukia Kibatari. Midomo yake ilikuwa imefungwa, mikono hewani.

"Si mimi," alisema.

"Hodi humu ndani! Nimelowa, jamani!"

Fundi alisogea kwenye dirisha, akainua pembe ya pazia kwa kidole kimoja. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imekondeana.

"Viatu. Jozi moja. Vimelowa chapachapa." Akaunyooshea mlango kidole. "Vinatazama ndani."

"Asijibu mtu!" Shangazi alifoka kwa kunong'ona. "Atakayejibu nitamfukuza nyumba hii, wallahi!"

Sasa, Mama Cherehani aliitambua sauti tangu hodi ya kwanza. Ilitokea puani. Alimwona binti yake naye ameitambua, amevuta pumzi, amefungua kinywa aokoe jahazi. Akamwekea kidole mdomoni. Kwani dadu jeusi lilikuwa la nani?

"Ni mimi! Mimi wa kampuni ya michezo!"

"Hata yule alisema ni yeye!" Shangazi alijibu.

"Yule nani?"

"Shangazi, usijibizane nayo!" Fundi alikuwa ameburuta meza ya kupigia pasi, ameiegemeza mlangoni na kuegemea juu yake.

"Jamani, mbona mlango... mnanisikia? Naingia!"

Kitasa kilizunguka. Shangazi, ambaye katika kazi yake aliwahi kushusha walevi kwenye mabasi kwa ukosi, alijitosa chini ya cherehani. Fundi, ambaye hubeba mafriji mgongoni ghorofa hadi ghorofa, aliacha lindo, akaruka, na aliposimama alikuwa juu ya meza ya kukatia, mguu mmoja katika nyumba ya wafumaji, spana mkononi, akilia "Sijasema! Mimi sijasema!"

Kitasa kilitulia. Kisha kwenye kioo cha dirisha ukatokea uso wa Bwana Haitishi, nywele zimemganda, soksi kaziminya mkononi. Alitazama ndani. Alimwona bibi mkaguzi chini ya cherehani. Alimwona jitu juu ya meza. Aliona mlango mdogo wa katoni na vifungo vyake, viwiliwili, vimepangwa. Macho yake yakashuka taratibu hadi kwenye viatu vyake mwenyewe, hapo kizingitini. Kisha akageuka, akatazama mvua iliyokuwa nyuma yake. Alipougeuza uso tena ulikuwa mwingine.

Mama Cherehani alifungua dirisha upana wa kiganja.

"Bwana, kuna neno ulituachia siku ile, kuhusu mchezo wa mwanangu. Bado unalo?"

Alitazama tena spana ya fundi iliyokuwa bado hewani.

"Nimelirudisha, mama," alisema. "Nimelirudisha kabisa. Sasa nifungulieni, nahisi kuna mtu nyuma yangu."

"Afunguliwe," Shangazi aliamuru kutoka chini ya cherehani, "lakini lile neno asiambiwe!"

Kibatari akaisogeza meza ya pasi, akafungua mlango bila kusema kitu, akicheka na kulia kwa pamoja, na Bwana Haitishi akawa mgeni wa kwanza kuingia nyumba ile bila kukaribishwa. Kabla ya kukaa alirudi mlangoni, akainama, akavigeuza viatu vyake vitazame nje.

&nbsp;

Alicheza kiganja kikiwa mdomoni tangu mwanzo hadi mwisho, na bado alinaswa. Sauti ya kijana wake wa kwanza kabisa, aliyeacha kazi bila kuaga na ambaye yeye mwenyewe alikuwa amewasimulia akinywa chai, ilimtoa "karibu" kama jino bovu. Akalitazama dadu jeusi mbele yake, akacheka, safari hii kwa kinywa.

"Mchezo unatoka," alisema. "Msimu huuhuu. Jaladani tutaweka msichana wa nywele ndefu, zinauza."

"Viatu," alisema Kibatari.

"Dada yangu, viatu havi..." Alitupa jicho mlangoni. "Sawa. Viatu. Lakini hilo jina, Aliyesafiri, mawakala wa kazi za nje hawatalipenda."

"Najua. Linabaki."

"Na malipo ya kutangulia," alisema Shangazi, akijifuta vumbi magotini.

"Shangazi!"

"Nini? Tajiri wa bonde zima ni nani?"

Bwana Haitishi alitia sahihi palepale, kwenye ukingo wa ziwa, huku Mama Cherehani amemsimamia na mkasi mkononi. Alikuwa anakata uzi tu.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Koti la mwalimu mkuu lilikuwa limerudishiwa bitana yake, fundi ana kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, Shangazi anapuliza chai. Kibatari alikuwa anapanga nyuzi zake upya kwenye rafu, na pasipoti ilikuwa imehamia droo ya chini, pamoja na vifungo visivyo na wenzake.

"Hodi! Hodi wenyewe! Nimemfuata msafiri wangu!"

Cherehani ilinyamaza. Kikombe cha Shangazi kilisimama katikati ya njia. Walitazamana wote wanne, na hakuna aliyecheka, na hakuna aliyefungua kinywa, hata Mama Cherehani ambaye tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuiacha hodi ikalala nje.

"Mbona kimya?" wakala aliita. "Viatu vyenu naviona hapa!"

Mama Cherehani alijisogeza dirishani, akachungulia kizingiti, akaiona jozi ngeni inayotazama ndani.

"Na sisi tunaviona vyako," alisema taratibu, na akaikanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu zake zote.